Mkwe Haulizwi

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu nilimpima presha kila aliyekanyaga uani kwangu. Nilimpima jirani, nikampima mchungaji wa ng'ombe wetu, nikampima na mama anayepitisha dagaa kwa baiskeli, ambaye alikubali kwa sharti kwamba ninunue kwanza. Mke wangu alivumilia, kisha akaniambia, "Baba Masanja, watu wataacha kupita hapa." Wakaacha kweli. Nikabaki na mashine yangu mapajani, nikijipima mwenyewe, na presha ikawa inapanda kwa sababu ya kuitazama.

Siku mliponiaga mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya utabibu, ili ninyi mnaobaki mpate cha kujifunza. Vyeo siandiki, mlivisoma siku ile mbele ya watu na viwili mlivikosea. Mshahara nao mnaujua. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na mtanisamehe nikirukaruka, maana tangu msimu wa pamba uishe kiti hakinishiki. Nikiandika mistari michache nasimama, nazunguka zizi, narudi. Miaka yote hiyo nilizoea mtu kunisubiri mlangoni, na sasa hakuna anayenisubiri.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya Zagayu. Nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi, na magonjwa yote ya chuoni yakiwa yamepangwa kichwani kwa herufi. Mimi ni Msukuma wa Maswa, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha lugha, ila chuo kilikuwa kimenisahaulisha nusu ya niliyozaliwa nayo. Vifaa vilikuwa jiko la kuchemshia sindano, karabai, mzani wa kuning'iniza watoto, na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ambacho kilikuwa kimeng'aa upande mmoja kwa kuguswa na sikio la mtu mmoja miaka mingi. Sikio hilo lilikuwa la Bi Ng'washi, mkunga. Alinipokea kwa kunitazama viatu.

Asubuhi hiyohiyo mama mmoja aliingia akasema moyo unamuuma. Nilifurahi. Moyo nilikuwa nimeufaulu vizuri kwenye mtihani. Nikaweka chombo kifuani, nikasikiliza kushoto, kulia, mgongoni, nikamwambia ashike pumzi, aachie, ashike tena. Bi Ng'washi alikuwa akikunja mashuka, akaniuliza bila kugeuka, "Daktari, unatafuta nini huko juu?"

"Moyo."

"Moyo wa chuoni au wa huyu mama?"

Akaacha mashuka, akaja akaweka vidole pale mbavu zinapokutana, juu kidogo ya tumbo. Mama akaruka. "Huu hapa," Bi Ng'washi akasema. "Kwetu moyo unashuka mpaka karibu na kitovu. Hii ni chembe ya moyo. Mpe dawa ya tumbo aende akapalilie."

Nilicheka naye, na kwa muda nikadhani nimemaliza somo. Halafu akaniambia jambo ambalo naliandika hapa kwa herufi nzito ingawa kalamu yangu haina: mwenye mimba kubwa akilalamika chembe, usimpe dawa ya tumbo. Mshike mguu. Bonyeza mfupa wa mbele, toa kidole, tazama kama shimo linabaki. Muulize kichwa, muulize kama anaona vimulimuli. Kisha mpime presha hata kama amekuja kwa ajili ya jino, maana hicho huenda ni kifafa cha mimba kinachokuja.

Alinifundisha pia namna ya kuuliza. Mgonjwa wa kwetu haji peke yake. Anakuja na mama mkwe, shangazi, wakati mwingine na mwenye ng'ombe waliovuta gari. Mbele ya hao wote atakwambia kichwa kinauma. Bi Ng'washi alikuwa na ndoo yake ya kuwatuma watu maji. "Mayu, nisaidie maji kisimani," anamwambia mama mkwe kwa heshima zote, na mama mkwe akishavuka kizingiti, mgonjwa anasema kilichomleta. Kisima kilikuwa mbali. Ndoo ile, nawaambia, iligundua magonjwa mengi kuliko vifaa vyetu vyote.

Lakini haikutosha kila siku. Kuna mwanamke aliletwa kwa gari la ng'ombe, amelazwa juu ya magunia ya pamba, mimba ya kwanza. Kwao walikuwa wamemwona akitetemeka na kung'ata ulimi, wakasema amerogwa, wakazunguka naye kwa wataalamu wao kabla ya kuja kwetu. Nilipomwuliza mama mkwe kama binti alilalamika chochote kabla, alisema hapana, hakusema kitu. Mdogo wa kike wa huyo binti, aliyekuwa ameshika miguu yake muda wote, akasema, "Alisema. Aliniambia mimi chembe inamuuma. Angemwambia nani mwingine, na wote pale ni wakwe?" Alikufa kabla hatujamteremsha. Wenzangu, nimeona vifo vingi na sitawadanganya kwamba navikumbuka vyote. Hiki nakikumbuka kwa sababu ugonjwa ulikuwa umetamkwa mapema, kwa lugha ya wazi kabisa, ila kwa mtu asiyeweza kufanya kitu.

Miaka ilikwenda, nikahamishwa huku na kule, mwisho nikaletwa kituo cha afya cha karibu na nyumbani kwangu, Kasoli, ambako wengi wenu mlinikuta. Mlinikuta tayari nimeshakuwa mkali juu ya simu. Mnajua sababu. Wagonjwa walianza kuingia na jibu kabla ya swali. "Daktari, nimeuliza kwenye kundi, wamesema ni ini." Nani wamesema? "Watu." Watu gani? "Wa kwenye kundi." Nilimpokea mtoto aliyeungua uji, mkono umepakwa dawa ya meno mpaka kwenye kiwiko, baba yake akajitetea kwamba aliyemshauri ana wafuasi wengi. Nikamwambia hata kondoo mwenye kengele ana wafuasi wengi.

Na kisa cha Sabina mnakijua, lakini nakiandika kwa ajili ya watakaokuja. Mfugaji mmoja aliandika kwenye kundi la afya kwamba Sabina wake tumbo limejaa, hali chakula, anatoa povu, afanye nini. Wakamjibu kwa huruma sana. Mmoja akasema Sabina apime mimba. Mwingine akasema apunguze pilipili na msongo wa mawazo. Mwingine akauliza kama wana mgogoro wa ndoa. Sabina alikuwa ng'ombe wake, mtamba mwekundu. Akafa siku hiyohiyo, pilipili hajawahi kuionja.

Kila nilipokisimulia kisa hiki mlicheka, isipokuwa Doto. Doto ni muuguzi niliyempokea akitoka chuoni, mkimya, mwenye kusema neno moja linalokaa siku nzima. Aliniambia, "Daktari, watu wanauliza huko kwa sababu huko hakuna anayewajua."

"Ndiyo ubaya wenyewe," nikamjibu.

"Ndiyo uzuri wenyewe," akasema, akaenda kuita mgonjwa mwingine. Ilinikera. Nilikuwa na hakika kwamba anayekujua ndiye atakayekutibu. Mtu asiyeona ulimi wako, asiyeshika mguu wako, asiyejua shangazi yako alikufa kwa nini, atakusaidia nini? Bado sehemu kubwa ya hayo naamini, msije mkasema mzee amegeuka.

Basi nikastaafu, nikamaliza kuwapima wapita njia, nikabaki na simu. Nikaingia kwenye kundi moja la afya, kubwa, lenye watu wa mikoa mbalimbali na wengi wa huku kwetu. Niliingia kama mpelelezi. Huko namba ya simu ya mtu haionekani, jina na picha tu; jina niliandika Mzee wa Kisima, picha nikaweka ya ng'ombe wangu mweupe, kwa kuwa picha nyingine kwenye simu zilikuwa za ng'ombe huyohuyo akiwa amegeuka. Nilikusudia kutazama tu upuuzi wao. Sikuweza. Mtu ameandika mtoto anaharisha, mwingine anamwambia amnyime maji, mimi nikae kimya? Nikaanza kujibu. Nikajikuta naamka na kuishika simu kabla ya mswaki, napita zizini naitazama, nakula naitazama. Adui yangu mkuu alikuwa mmoja aliyejiita Dokta Majani, ambaye kwa kila ugonjwa alikuwa na unga wake, na unga ulikuwa mmoja.

Siku ninayotaka kuwaeleza mke wangu alikuwa amekwenda msibani kwa dada yake, Kiloleli. Mwanangu Masanja yuko kazini Geita. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mkewe Masanja, Minza, mwenye mimba yake ya kwanza. Kwa msiojua taratibu zetu: mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hanipi mkono. Hataji jina langu. Ananiandalia chakula, anapiga magoti, anasalimu akitazama chini, anaondoka. Mimi simwulizi habari za mwili wake, na yeye haniambii. Mjini wamelegeza, najua. Sisi hatujalegeza, na Minza alitoka kwenye nyumba iliyomlea hivyohivyo, na ilikuwa sifa yake.

Mchana, jua likiwa kali, nilikuwa kibarazani. Kwenye kundi likaingia swali kutoka kwa mtu mwenye picha ya ua.

"Habari wana kundi. Nina ujauzito wa miezi minane. Tangu juzi chembe ya moyo inaniuma sana, leo naona vimulimuli. Juzi nilikula michembe, inaweza kuwa ndiyo? Msinitukane tafadhali."

Nilisimama. Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja wa mbali akauliza michembe ndiyo nini, na kama ni chembechembe za moyo basi akapige picha ya moyo. Viazi vyetu vilivyokaushwa vimekuwa ugonjwa wa moyo! Mwingine akamwambia amwombe Mungu. Dokta Majani akafika kwa haraka zake: hivyo ni vidonda vya tumbo, ana unga, anatuma kwa basi mpaka Bariadi.

Nikamfuata yule dada faragha, inboksi kama mnavyosema. "Dada, mimi ni mzee niliyefanya kazi ya hospitali. Naomba nikuulize. Miguu imevimba?" Nikabonyeza kutuma.

Jikoni kwetu simu ikalia, ti.

Sikujali. Simu za siku hizi zinalia ovyo. Nikaandika, "Na uso je? Pete inavuka kidoleni?" Nikatuma. Jikoni, ti. Nikaandika, "Kichwa kinauma?" Safari hii niligeukia jikoni kabla ya kutuma. Nikatuma. Ti.

Majibu yakaja moja moja. Miguu imevimba. Pete aliivua wiki iliyopita kwa sabuni. Kichwa kinauma upande wa mbele. Mtoto anacheza, ila si kama zamani.

Nilitazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi, moshi unatoka kidogo. Minza alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, na mashine ya presha ilikuwa kwenye kigoda pembeni yangu, na sikuweza kunyanyuka na kumfunga ule mkanda mkononi. Msiseme ningeweza. Najua mnachofikiri, na mimi ningefikiri hivyo kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine. Ningeingia jikoni nikataja miguu yake na pete yake, angejua kwamba nimeyasoma yale aliyoficha, angezima simu, angesema "mhola baba, siumwi", na asingesema tena kwa yeyote. Nimewaona wagonjwa wakikana mpaka dakika ya mwisho kwa aibu ndogo kuliko hiyo.

Nikaandika, "Dada, hii ni hatari. Nenda kituo cha afya sasa hivi."

"Kituo cha karibu siendi," akajibu. "Wote pale walifundishwa na mkwe wangu. Nikivua kiatu tu ataambiwa mguu umevimba."

Hilo lilinichoma, lakini hapakuwa na muda wa kuchomeka. "Huyo mkwe wako yupo? Ana usafiri?"

"Yupo hapa nje. Hana gari. Ana mashine ya presha. Anampima kila mtu isipokuwa mimi."

Nilikaa. Nikasimama. Nikampigia Doto. Nikamwambia kwa sauti ya chini alete gari la wagonjwa kwangu, aje na dawa ya kifafa cha mimba, asiulize.

"Ni nani?" akauliza hata hivyo.

"Wa kwangu."

"Nakuja," akasema.

Nikarudi kwa mkamwana wangu, kwenye simu. "Mwambie mkwe wako akupeleke hospitali."

"Mkwe haulizwi mambo ya tumbo."

"Usitaje tumbo. Mwambie unaomba hospitali, basi. Hatauliza."

"Umejuaje kwamba hatauliza?"

"Na mimi nina mkamwana."

Jikoni nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Halafu likaja swali ambalo sijalisahau na sitalisahau. "Yule Dokta Majani ameniandikia na yeye. Ameniambia ni vidonda, ninywe maziwa nilale, nisihangaike. Wewe unasema hatari. Nimwamini nani? Nyote siwajui."

Hapo, wenzangu, utabibu wangu wote ulikuwa umefika mahali hauna koti, hauna mlango, hauna jina. Nilikuwa sawasawa na Dokta Majani. Yeye ana picha ya majani, mimi ya ng'ombe. Nikafikiri kumwandikia, mimi ni baba Masanja. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hofu yangu ilikuwa kwamba atanyamaza, na kunyamaza kwake kungemwua.

Nikamwandikia hivi: "Usimwamini yeyote. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu wako kwa kidole, kaza, kisha toa. Kama shimo linabaki, nifuate mimi. Kama halibaki, kanywe maziwa."

Kitaalamu nilicheza kamari, na Doto ameshanisema. Wapo wanaovimba bila hatari, na wapo waliokufa miguu ikiwa myembamba kama ya korongo. Lakini alishaniambia miguu imevimba, na nilitaka jibu litoke kwenye mwili wake, si kwangu wala kwa yule muuza unga.

Simu haikulia. Nilitembea kutoka kibarazani hadi zizini. Nikarudi. Ng'ombe mweupe akanitazama. Nikachungulia jikoni bila kuchungulia, kama mnanielewa, nikipita mbali na kugeuza shingo kidogo. Nikasikiliza njia ya lami kama kuna gari, hakuna. Nilitamani kupiga kelele. Nilimchukia Masanja kwa kuwa Geita, nikamchukia mke wangu kwa kuwa msibani, nikamchukia na marehemu wa watu.

Minza akatoka. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani, uso umejaa, na alishika ukuta kidogo kabla ya kuuachia. Alikuja mpaka kibarazani, akaanza kupiga magoti. Niliona yanavyokataa kukunjika, na bado akapiga.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu."

"Baba, naomba unipeleke hospitali."

"Twende," nikasema. "Gari linakuja."

Alinyanyua macho nusu sekunde. Akayashusha.

Doto alifika, akamlaza nyuma ya gari, mimi nikakaa mbele na dereva kama inavyotakiwa. Tukashika njia ya Bariadi. Nyuma nikasikia mashine ikijaa upepo, ikalegea, kisha Doto akanitajia namba, na namba ya juu ilinifanya nishike dashibodi. Nikataka kuuliza. Sikuweza kuuliza. Nikatoa simu nikaandika, "Kichwa vipi sasa?" Nyuma ya kisogo changu, ti.

Jibu likaja. "Kinapasuka. Tupo njiani. Mkwe wangu hajauliza kitu, ulisema kweli."

Nilianza kuandika neno lingine, na ndipo Doto akasema, "Daktari, anaanza." Nikageuka. Hapo niligeuka, taratibu au si taratibu. Minza alikuwa amekakamaa, taya zimefungana, simu imeanguka kwenye sakafu ya gari. Dereva akasimamisha. Nilipanda nyuma nikamshika mabega na kumgeuza ubavu, mimi baba mkwe, na Doto akachoma sindano paja hili na paja lile kwa mikono ambayo haikutikisika hata kidogo. Nilijisikia fahari na hofu kwa pamoja. Mtetemeko ukapungua. Akaanza kukoroma. Doto akamwambia dereva aondoke, na aondoke kweli.

Hospitalini mapokezi alikuwapo daktari kijana ambaye hakunijua, na nilimshukuru kwa hilo. Alisoma kadi, akamsikiliza Doto, akauliza, "Dalili zilianza lini? Mtoto anacheza? Nani anajua historia yake?" Doto hakujua zaidi ya alichokikuta. Minza alikuwa kwenye machela, macho nusu wazi, anaguna, anarudi taratibu. Daktari akatazama huku na huku akitafuta mwanamke wa kumjibu. Hakuwapo.

Nikafungua simu. Nikasoma kwa sauti, mbele ya Minza, maneno yake mwenyewe: chembe tangu juzi, vimulimuli leo, miguu, pete kwa sabuni, kichwa mbele, mtoto si kama zamani. Nilisoma kama karani anavyosoma, haraka, bila kumtazama. Nilipofika kwenye pete, kichwa chake kiligeuka upande wangu. Doto alinitazama mimi, akaitazama ile picha ya ng'ombe, akashika machela. Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Mtoto ni wa kiume, mdogo, alilia kama paka lakini alilia. Mama yake alikaa siku mbili akichungwa kwa dawa. Mke wangu alifika kutoka msibani na nguo zake za msiba, Masanja akafika na vumbi la Geita, nao wakawa wanaingia na kutoka wodini. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Baba mkwe haingii wodi ya wazazi. Kila atokaye namwuliza kwa mbali: anakula? Analala? Wananijibu "anaendelea vizuri", jibu ambalo mimi mwenyewe nimewapa watu maelfu na sasa najua halina kitu ndani yake. Nilitaka kujua kama amekojoa vya kutosha, kama presha imeshuka kwa namba ngapi, kama mtoto anashika ziwa. Nilizunguka jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Mtaniuliza basi, baada ya haya yote: watu waulize wageni mitandaoni au wasiulize? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na bado linanihangaisha. Dokta Majani yupo mpaka leo, ameshawashauri wangapi wanywe maziwa na kulala sijui, na wengine hawakupata mzee mwingine wa kuwabishia. Hilo linanitia hasira mpaka sasa ninapoandika. Lakini Minza hakwenda kwa wageni kwa ujinga. Alikwenda kwa sababu sisi tuliomzunguka, mimi kwanza, ninyi mliofundishwa na mimi, tulikuwa karibu naye mno. Msimcheke tena mgonjwa anayewaambia "nimeuliza kwenye kundi". Mwulizeni ni kitu gani alichoweza kuwaambia huko ambacho kwenu ameshindwa. Na mkishamwuliza, mtumeni mama mkwe wake maji, hata kama bomba lipo hapohapo mlangoni.

Siku ya tatu nilikuwa benchini. Mke wangu alitoka wodini akakaa kando yangu akiwa amekunja uso. "Mkamwana wako haongei," akasema. "Kashika simu tu, anaandika anafuta, anaandika anafuta."

"Mwache," nikasema.

Simu yangu ikatikisika mfukoni. Nikafungua kule kwa Mzee wa Kisima, hakuna kitu. Ujumbe ulikuwa umekuja upande mwingine, kwenye namba yangu halisi, ile ambayo tangu aolewe alikuwa akinitumia salamu za sikukuu tu.

"Mwangaluka baba. Mtoto amenyonya. Titi la kushoto limejaa sana, linauma. Nifanyeje?"

Nilisoma. Nikatazama kulia na kushoto kama kuna aliyeona neno lile kwenye simu ya mkwe. Mke wangu akaniuliza ni nani, nikamwambia ni mgonjwa. Nikavaa miwani, nikaandika taratibu, herufi kwa herufi, nisije nikakosea.

"Mwangaluka mayu. Hilohilo la kushoto umwanzishie, mara kwa mara. Una homa?"